Majamvi ya Gari la Porini

Mjukuu wangu Salumu, sie wazima, shangazi yako kajifungua wa kike, na huyu anayeniandikia asipunguze neno.

Unauliza babu yako alilitengenezaje gari la Mzungu likapita mchanga wa Bunju, nawe ulifanye lako vivyo hivyo? Babu yako! Alinyanyua springi, akafunga keria, basi. Mie ndiye niliyesuka majamvi ya kutandika chini ya magurudumu. Mzungu akayatupa: "Toa takataka za mwanamke!"

Gari likazama mchangani. Akarudi kwetu Kinondoni kwa miguu, viatu mkononi, anayaomba. Nikampa, gari likapita. Kisha akajigamba kwa wenzake kwamba ni akili yake, na babu yako kasimama pale, kanyamaza! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Majamvi ya gari lako nasuka. Ukiulizwa kayasuka nani, nitaje.

Bibi yako