Njia ya Baba Kiwanjani

Kwako Kaka Wamalwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Kiplombe, ambako baridi ya mwezi huu imetufungia jikoni. Natumaini joto la Lodwar halijakumaliza, na kwamba wifi Faith na watoto ni wazima. Sisi tuko salama. Mahindi yameanza kuchanua.

Kaka, nina jambo la ajabu la kukueleza. Unakumbuka kile kiwanja kati ya kwetu na kanisa, kilichokuwa jaa la takataka? Kaunti ilituita tuamue wenyewe kifanywe nini. Afisa aliyekuja, Priscah, alisema hana ramani yoyote, kila mtu aende asimame pale anapotaka kitu chake. Vijana wakakimbilia katikati wakidai uwanja wa mpira, akina mama wakashika upande wa barabara wapate vibanda vya mboga. Mzee Kipyego, ambaye hajatusalimia tangu ule ugomvi wa mpaka, alitaka pote pazungushiwe ukuta. Kelele zikazidi, nikadhani tutapigana.

Baba nilikuwa nimempeleka apate jua tu. Unajua tangu apofuke hasemi mbele ya watu. Siku hiyo aliniachilia mkono, akasimama.

"Mimi nataka njia," alisema. "Nifike kanisani bila kuvutwa kama mbuzi wa sokoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha Mzee Kipyego akachukua jembe la mtu, akamwambia Baba, "Basi tembea, Eliakim. Mimi nitachora nyuma yako."

Baba akatangulia na fimbo yake, polepole, akipapasa. Kipyego akamfuata akiburuta jembe, mstari ukabaki kwenye udongo. Na watu, Kaka, watu wale wale waliokuwa wakigombana, walikuwa wakisogea kumpisha. Vijana waliuhamisha uwanja wao, akina mama wakarudisha vibanda nyuma. Hakuna aliyewaamuru. Priscah alisahau hata kuandika. Nikalia mbele za watu bila haya.

Njia ipo sasa, imemwagiwa kokoto na kupangiwa mawe pembeni. Imepinda kidogo, kwa sababu Baba alipinda, na wakazi walikataa inyooshwe. Jumapili alienda kanisani peke yake. Nilisimama mlangoni nikimtazama hadi akaingia.

Nilimtazama hivyo kwa sababu ambayo hata yeye bado sijamwambia. Nilienda kupimwa hospitalini. Nina presha ya macho, ile ile iliyompofusha Baba. Upande wa kushoto tayari una ukungu. Daktari amenipa dawa ya kudondoshea, na anasema huenda ikaukawiza upofu. Anasema pia ugonjwa huu hutembea katika familia, kwa hiyo nakusihi, nenda ukapimwe, usingoje dalili.

Usinihurumie sana. Nilikuwa na hofu kubwa hadi siku ile kiwanjani. Sasa ninayo bado, lakini nalala.

Nisalimie wifi na watoto, na Mungu akulinde huko kazini. Baba anauliza utakuja lini akutembeze.

Mimi dada yako akupendaye,
Nangila