Majani Thelathini ya Mwajuma

Hospitali, Korogwe

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mguu umepona? Na yule mbuzi mweusi, bado anakula shuka za watu? Mimi mzima kama garimoshi la Tanga, kelele tupu.

Waambie watu wa Njombe, mwanao mkata mkonge sasa ni nusu daktari. Nusu nyingine nafagia. Kwa sababu ya mikono yangu hii yenye nguvu nilipewa kushika watoto wanapochomwa sindano, kazi niliyoichukia.

Kuna binti kutoka kijiji cha Kang'ata, Mwajuma, miaka saba, shavu limevimba kwa saratani. Dawa yake ni sindano ya mshipani kila siku. Siku ya kwanza nikamwambia, "Haiumi, kama siafu tu." Ikamuuma. Tukamshika watu wanne. Akaning'ata kidole, na alikuwa na haki.

Kesho yake bibi yake akakunja mkeka. "Mjukuu wangu si mbuzi wa kuchinjwa. Tunarudi kwetu." Na bwana mganga wa hospitali alishasema, akiacha dawa hatapona.

Nikapiga magoti. "Mwajuma, nilikudanganya. Itauma. Lakini leo hushikwi. Baba yako mkata mkonge kama mimi, basi wewe nyapara wangu. Nahesabu fungu la majani thelathini, nisimamie. Likitimia, sindano imetoka."

Bibi akasema, "Mara hii tu."

Nikawa nakata majani hewani, nesi akachoma. Machozi yakamtoka Mwajuma, mkono hakuuvuta. "Kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane..."

"Umeruka kumi na saba, mvivu we! Rudia fungu lote!"

Mama, sikuwa natania. Unajua niliishia darasa la pili, na kumi na saba haijanikaa kichwani hadi leo. Wodi nzima ikacheka, bibi akaukunjua mkeka. Siku hizi naruka makusudi, na watoto wote wananitukana kwa zamu. Hatumshiki mtu.

Uvimbe umepungua mpaka juzi kaguguna hindi la kuchoma. Jana sindano ilitoka kwenye ishirini na mbili, akanidaka mkono: "Fungu halijatimia. Kata!"

Nisalimie baba mdogo mfuga nyuki, na dada mwenye mapacha. Na mwalimu aliyenichapa kwa kuruka kumi na saba, mwambie namshukuru kwa kushindwa. Kiboko kile kingeniingia akilini, Mwajuma leo angekuwa Kang'ata na shavu lake.

Ni mimi mwanao, fahari ya Korogwe nzima,
Lazaro