Gari moja na baba mkwe

Tusekile, acha unachofanya usome hii. Baba mkwe anakwenda na sisi mbuga ya Ruaha. Na gari ni moja.

Mimi huyu, ambaye tangu niolewe sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Nikisikia kikohozi chake tu nakimbilia jikoni. Eti leo siku nzima gari moja.

Aliyemwalika ni Ambokile. Mume wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu kabisa, kasahau mila za kwao, kwamba mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani.

Nimejibanza jikoni, nawasikia sebuleni wanavyopanga. Mzee anasema, "Mkwe akae nyuma, ajifunike kanga. Wanyama wa kulia wangu, wa kushoto wake."

Wa kushoto wangu, Tuse. Kanigawia mbuga kama shamba.

Ambokile, badala ya kunitetea, anauliza, "Na tembo akisimama katikati ya barabara?"

Mzee anafikiria kweli. "Huyo tutamwangalia kwa zamu. Naanza mimi."

Tuse, hii safari nimeiomba mimi, tangu tuoane namwomba Ambokile anipeleke nikaone tembo.

Sasa hivi kaingia jikoni anachekelea. "Mama Lusako, shukuru Mungu. Mzee kakubali na wewe uende."