Pamba Kwenye Beringi

Jumamosi, jioni.

Gurudumu la nyuma lilikwama leo, na kosa ni langu. Binti yangu Kabula ameifufua baiskeli yangu kuukuu ya magurudumu matatu hapa uani, kaiwekea na mota. Fundi kama yeye Bariadi nzima hakuna.

Jana nikajitia kusaidia, nikafuta beringi za gurudumu hilo kwa pamba yetu ya shambani. Nyuzi zikabaki ndani.

"Mayu, nani katia pamba humu?" Kabula akauliza. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chetu.

Nikasema panya.

"Panya gani anarudishia nati?"

Nikakiri. Kesho nataka kwenda kanisani bila kusukumwa na mtu, mara ya kwanza tangu mguu uharibike. Nikikwama njiani...

Akaosha beringi upya, akanipa spana. "Funga mwenyewe, mayu."

Nimefunga, na gurudumu linazunguka vizuri. Mafundi wawili nyumba moja! Majirani watakoma.