Kobe Kasuguliwa kwa Majivu

Homa Bay, Jumanne

Majivu! Kobe wangu wa shaba, sanamu kutoka Japani, mkongwe kuliko babu yangu, amesuguliwa kwa majivu na mchanga kama sufuria ya ugali.

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni anang'aa kama bati jipya. Ile rangi ya hudhurungi iliyomkolea kwa miaka mingi, ndiyo niliyompendea, imekwisha. Na mimi, mjinga, nilikuwa nikimpangusa kwa kitambaa laini kuliko shati langu la kanisani!

Kando yake ameketi mama mkwe, mgeni wetu kutoka Oyugis, anatabasamu.

"Baba Akinyi, huyu mnyama alikuwa na kutu! Watu wangesema binti yangu hajui kuosha vyombo."

Kutu hiyo ndiyo... Lakini kwetu mwanamume hamkaripii mama mkwe, hata akichoma nyumba. Nikainamisha kichwa. "Asante sana, Mama." Mke wangu akakimbilia jikoni akacheke vizuri.

"Kesho nitasugua sungura na yule kaa," mama akaongeza, akionyesha sanamu zangu nyingine mbili za shaba.

Sungura yule nimemtafuta miaka! Nimezunguka nyumba nzima nikiwaza pa kuwaficha. Ni chumba kimoja tu ambacho kwa mila yetu mama mkwe hawezi kukanyaga: chumba chetu cha kulala.

Kabati limejaa nguo za mke wangu, kwa hiyo nimewalaza kitandani, upande wangu, nikawafunika blanketi.

Mke wangu ameingia, akawatazama, akaniuliza, "Hao wamepata pa kulala. Wewe je?"