Chupa Mbili Kwenye Rafu ya Kukhu

S.L.P. 41,
Bumula,
Bungoma.
Alhamisi, 19 Aprili 2007.

Mpendwa Kaka Wabwile,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mke wako Chemutai hakumuua Kukhu, nyanya yetu. Ni mimi niliyeweka ile chupa pale.

Sasa pokea salamu zangu. U hali gani huko Juba? Kifua kimepona? Baba ni mzima ila chakula hakimpiti kooni. Mama mgongo bado unamsumbua. Mvua imeanza na mahindi yameota. Mimi mwili hauna neno.

Unakumbuka ile paneli ya jua uliyoninunulia Kitale Desemba, ukaniambia nisome kitabu chake kwanza, nifunge baadaye. Nilisoma. Tulipofunga shule, Baba alinunua betri huko huko Kitale. Ilikuwa kavu, asidi yake tukapewa kando katika chupa ya soda ya plastiki. Jumamosi ya Pasaka nilipanda juu ya bati la Kukhu, nikakaza paneli, nikateremsha waya chumbani mwake, nikajaza betri. Taa ikawaka.

Kukhu aliiogopa betri. "Hii inakula nini?" aliniuliza.

"Jua na maji tu, Kukhu."

"Basi imenishinda. Mimi bado nataka ugali."

Tulicheka sote. Nilisema maji kwa sababu ningesema asidi angekataa ikae kwake.

Asidi ilibaki robo chupa. Kitabu kilisema iwekwe juu, watoto wasiifikie. Mahali pa juu kwetu ni rafu ya Kukhu tu, na unajua yeye huweka hapo maji yake ya baraka kutoka kanisani, nayo katika chupa ya soda. Niliweka yangu kando ya yake. Nilikusudia kuandika karatasi niibandike, lakini furaha ya taa ikanisahaulisha.

Jumatatu tumbo lilimuuma Kukhu. Shemeji Chemutai alikuwa ametoka kusaga mahindi, hakujua habari ya chupa ya pili. Alimmiminia katika kikombe kidogo kama anavyofanya siku zote, maana macho ya Kukhu yalikuwa yamefifia. Kukhu alimeza mara moja, kama dawa. Sitaandika alivyolia.

Walipomkimbiza hospitali Bungoma mimi nilibaki. Nilichukua chupa nikaitupa ndani ya choo. Nilijua ninalofanya. Alhamisi Kukhu akafa.

Daktari alisema koo na tumbo vimeungua. Hapa nyumbani wakasema sumu. "Mtu wa mlima ni mtu wa mlima tu," alisema Baba mdogo Walubengo, kwa kuwa shemeji anatoka Cheptais mlimani. Shangazi Wilkista naye, "Ati maji ya baraka! Nani alimwona akiyamimina?" Shemeji aliapa hadi sauti ikakauka. Waombolezaji walikuwa wakichaji simu kwenye betri yangu na kunisifu, ati nitakuwa injinia.

Jumanne, baada ya mazishi na watu kunyolewa nywele za matanga, walimtoa shemeji na mtoto wenu Ian, nguo zake zikiwa ndani ya gunia. Wewe walikuambia kwa simu kwamba ametoroka. Hakutoroka, Kaka. Alifukuzwa. Kwao Cheptais nyumba zinachomwa kwa vita vya mashamba, na huko ndiko walikomwelekeza. Alipopita langoni aliniambia, "Nangila, soma kwa bidii."

Jumapili, 22 Aprili.

Niliachia hapo. Niliposoma tena niliona barua hii itachukua wiki mbili kukufikia, na shemeji hana wiki mbili. Unajua mimi siwezi kusema mbele ya watu, hata kwa simu. Kwa hiyo Ijumaa niliwaita Baba na Baba mdogo, nikawasomea hii hii, tangu mstari wa kwanza.

Baba alisema, "Soma tena."

Nikasoma. Baba mdogo alitoka nje kabla sijamaliza. Baba hakunipiga. Alienda kutafuta koti lake.

Jana tulimpata shemeji Chwele, katika kanisa walimojihifadhi waliokimbia mlima. Nilimsomea pia. Alisikiliza akimnyonyesha Ian. Kisha akasema, "Kikombe nilishika mimi. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli ni mimi."

Baba alimwomba msamaha mbele ya watu. Alikubali msamaha, lakini alikataa kurudi nasi. Alisema atarudi ukija kumchukua wewe mwenyewe, na yule aliyempa gunia awe amesimama langoni. Tafadhali omba ruhusa, Kaka. Usipoweza kunisamehe, njoo hivyo hivyo.

Ian ameota jino la kwanza. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akutunze njiani na akufikishe kwa mke wako.

Tuliporudi jana nilipanda juu ya bati nikafungua paneli, nikaiegemeza ukutani. Baba alibeba betri akaipeleka kwa fundi. Niliosha rafu ya Kukhu kwa sabuni. Chupa yake bado imejaa hadi shingoni, tangu Pasaka. Nilikata kipande cha karatasi, nikaandika MAJI YA BARAKA kwa herufi kubwa, nikakibandika kwenye chupa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikasirika,
Nangila.