Dumu Lililokoshwa Mara Saba

Jumatatu, 5 Mei

Pancha nne za baiskeli, zote za asubuhi. Masika haya miba inaota hata barabarani. Mchana Sheha katuita barazani kwake, katusomea barua ya mjini. Sharti letu la shehia limefutwa. Lile la dawa ya magugu: muuzaji aandike hatari zake kwa Kiswahili, na dumu likiisha dawa litobolewe, watu wasije wakalitekea maji. Barua inasema sharti hilo ni kikwazo cha biashara. Kuna mkataba umetiwa saini na nchi inakotoka dawa. Nimechukia. Kumbe tundu la msumari wa hapa Mtambile ndilo linaloangusha biashara ya dunia.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda duka la pembejeo kutazama. Madumu mapya, manjano, yanang'aa kama sikukuu. Kiswahili kimeondoka kwenye lebo. Nimeomba boksi tupu, nikakaa nalo na kamusi yangu ya Kiingereza isiyo na jalada, inayoanzia herufi C. Saa nzima. Pembeni, kwa vijiherufi vya kutafutwa kwa sindano: ya kuuzwa nchi za nje tu. Yaani wenyewe kwao hawaimwagi. Sumu imepata pasi ya kusafiria. Mie hata nauli ya kwenda Unguja sina.

Ijumaa, 9 Mei

Dumu la njano liko kisimani. Jingine limetiwa mafuta ya nazi. Hapa kwetu hakuna anayetupa dumu lenye mfuniko.

Baada ya sala nimepita kwa shangazi, Bi Time, muuza achari. Ndimu zake zimo ndani ya dumu jingine la njano. Nimepiga kelele. Akanicheka.

"Wee fundi, nishalikosha mara saba, moja kwa udongo. Hata angelilamba mbwa, lingeshatoharika."

Fiqhi yake ya najisi haina dosari. Lakini sumu haikusoma chuo cha Kurani. Nikamwambia amwage. Akasema mwanamme asiyejua hata kutia ndimu chumvi asimfundishe kazi. Ningelinyakua. Sikulinyakua. Ni shangazi.

Jumapili, 11 Mei

Shangazi yuko hospitali, Mkoani. Achari kaionja peke yake kabla ya kuuza, alhamdulillahi. Midomo imechubuka. Koo limefunga. Anatapika. Daktari kauliza dawa gani, nikampa lebo niliyoibandua dumuni. Kaisoma, kaenda kumwita mwenzake. Hawajui kama atapona.

Nina hasira, sikuziba hata tairi moja. Mkataba una vifungu vya kumlinda muuza dawa asipate hasara. Bi Time yuko kifungu gani? Nimemuuliza Sheha.

"Bwana fundi, niliambiwa nisome, nimesoma."

Nikamwambia hata redio inasoma.

Jumanne, 13 Mei

Shangazi kameza maji kidogo. Yakakaa.

Nimeandika kwa mkaa kwenye mlango wa karakana: LETE DUMU LA NJANO NILITOBOE, PANCHA BURE. Mwenye duka la pembejeo kapita, kasema navunja mkataba. Nikamwambia sikutia saini, hata kalamu sikuonyeshwa. Akaondoka kwa pikipiki. Tairi la nyuma lina upepo mdogo. Sikumwambia.

Miaka yote naziba matundu. Leo nimetoboa mpaka msumari umepinda. Wengine wamekuja na dumu bila baiskeli. Nimewatobolea.

Jumamosi, 17 Mei

Manyunyu. Shangazi karudi jana. Sauti imekuwa ya mkwaruzo, anakunywa uji tu. Asubuhi kaja karakana na dumu lake. Hakunitazama. Kalishika kwa mikono miwili, nikapiga msumari. Kauliza kama nina chupa za kioo. Ninazo.

Alasiri kaja Sheha. Baiskeli nzima, haina pancha. Nyuma kwenye keria, dumu la njano, limejaa maji ya kunywa. Kalifungua mwenyewe, kayamwaga mtaroni, yote. Kisha kaliweka mbele yangu, kasimama.

Nikachukua nyundo.